Mwezi wa Kujifunza Kukaa

Mwokaji alikuwa amebakiza miezi sita astaafu, na hakujua kuishi mchana na mke wake.

Pesa alikuwa amezipanga, mtu asije akamdhania mzembe. Kiinua mgongo chake kingekuwa mishahara ishirini kwa mkupuo mmoja, halafu pensheni ya kila mwezi, nusu ya mshahara kasoro kidogo. Pengo lingezibwa na cherehani ya mkewe, ambayo ilikuwa imesomesha watoto watatu bila kudai sifa. Katika ile mishahara ishirini, kumi na miwili ilikuwa ya kununua tanuri lake mwenyewe, mitano ya paa, mitatu ya dharura. Hesabu hiyo aliijua kama anavyoijua njia ya kwenda chooni gizani. Lililomshinda lilikuwa jingine kabisa.

Miaka thelathini na moja alifanya zamu ya usiku katika kiwanda cha mikate. Wenzake walimwita Hamira, kwa kuwa kazi yake, kama ya hamira, hufanyika watu wakiwa wamelala. Aliondoka nyumbani saa moja na nusu jioni, akarudi saa moja asubuhi akiwa na unga kwenye nyusi. Mkewe alimpa chai, wakaongea dakika ishirini: nani anaumwa, bomba gani linavuja, mtoto gani amepiga simu. Kisha yeye akaingia chumbani kulala, na mkewe akakaa kwenye cherehani sebuleni. Saa kumi na moja jioni akaamka, wakala pamoja, wakacheka mawili matatu, akavaa viatu. Ilikuwa ndoa ya kupokezana kijiti, na kijiti hakikuwahi kuanguka.

Hata kitanda chao kilikuwa cha futi tatu na nusu. Walikinunua walipooana, wakasema watakibadilisha mambo yakinyooka. Mambo yaliponyooka wakaona hakuna haja, maana mmoja akitoka ndipo mwingine anaingia, na shuka halipati hata nafasi ya kupoa. Wenye midomo walikuwa wakimuuliza hao watoto watatu walipatikanaje. Mwokaji alikuwa na jibu lake: hata kiwanda kina likizo.

Mkewe alikuwa fundi wa nguo za kike, na sebule ndiyo ilikuwa karakana. Cherehani ilikaa dirishani, meza ya pasi ukutani, na kando ya meza kulikuwa na kioo kirefu kilichopigiliwa misumari, kisichohamishika. Kiti cha wageni kilikuwa kimoja. Wanawake walikuja, wakavua, wakajaribisha, wakageuka mbele ya kioo, wakaomba kiuno kipunguzwe na kifua kiongezwe. "Shemeji hajaamka?" walikuwa wakiuliza. "Huyo ni maiti mpaka saa kumi na moja," fundi alikuwa akijibu, nao wakicheka kwa sauti, wakijua maiti hasikii. Na kweli hakuwahi kusikia.

Basi kiwanda kikawaita wanaokaribia kustaafu kwenye semina. Walipewa soda na kalamu, akaletwa mshauri wa mambo ya pensheni, mama wa makamo aliyevaa viatu vya kutembelea. Alipitia hesabu za watu, akazisifu zilizostahili kusifiwa, na ya mwokaji ilikuwa mojawapo. Mwokaji akajiegemeza kwenye kiti kama mtu aliyefaulu mtihani. Hapo ndipo yule mama alipomgeukia.

"Mzee mwenye shati la kijani. Umeshastaafu mwaka mmoja. Ni siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Uko wapi?"

"Nimelala," mwokaji akajibu.

Watu wakacheka. Mshauri akangoja wamalize.

"Usiku ulifanya kazi gani hata ulale saa nne?"

Mwokaji akaichezea kalamu yake.

"Haya, hujalala. Uko wapi?"

"Nyumbani."

"Umekaa kwenye kiti gani?"

Swali lilikuwa dogo. Aliizunguka nyumba yake kichwani akitafuta kiti, na alichokiona ni kile kimoja cha wageni.

"Na mkeo anafanya nini saa hiyo?"

"Anashona."

"Anashona nini?"

"Nguo," mwokaji akasema, na ukumbi ukacheka tena. Mshauri hakucheka.

"Pesa mmezipanga vizuri, wengi wenu," aliwaambia. "Siku hamjazipanga. Mwenye likizo yake aichukue. Kaeni nyumbani mwezi mmoja, mtumie kiasi cha pensheni, mshahara msiuguse, muishi saa za mstaafu. Nguo hujaribishwa kabla ya kushonwa pindo."

Mwokaji alikuwa na siku za likizo zilizolundikana kama trei chafu. Nyapara akamsainia bila kinyongo. Jioni hiyo, wakila, akamweleza mkewe.

"Mwezi mzima?" mkewe akauliza.

"Mwezi mzima."

"Mchana?"

"Mchana ndio wenyewe, fundi. Usiku nitalala kama watu."

Mkewe aliinuka, akachukua sindano, akaanza kutunga uzi. Ukakosa tundu. Akaulamba, ukakosa tena. Siku zote mwanamke huyo alitunga uzi huku anatazama dirishani, na sasa tundu limemshinda. Mwokaji aliliona hilo, likamwingia moyoni kama mwiba mdogo ambao mtu huusikia bila kuuona.

"Karibu nyumbani," mkewe akasema. Kisha akauliza, "Utalala wapi?"

"Kitandani."

"Kitanda kipi, baba watoto?"

Wote wawili wakageuka kuutazama mlango wa chumba.

Walitoa stoo kitanda cha zamani cha binti yao, wakakisukuma kando ya kile cha kwao. Kilikuwa kimekizidi kimo kwa kiganja kimoja. Mwokaji akalala bondeni, mkewe mlimani. Vitanda viwili vikajaza chumba hata mlango ukawa unafunguka nusu, na kuingia ilikuwa lazima mtu apite kiubavu. Siku za kwanza hakuna aliyelala vizuri: yeye mwili ulimwambia ni saa ya kukanda, na mkewe hakuwa amezoea pumzi ya mtu mwingine. Asubuhi walisalimiana kwa adabu, kama abiria waliokaa kiti kimoja.

Siku ya nne mwokaji aliweza kukaa macho mchana. Alioga, akavaa shati safi, akaenda sebuleni, akakaa kwenye kile kiti cha wageni. Kusema kweli alifurahi. Jua liliingia dirishani likaangukia shingo ya mkewe, na aliona mvi ambazo hakuwa akizijua, zimejificha nyuma ya sikio. Akakaa akizitazama.

"Unatazama nini?" mkewe akauliza bila kugeuka.

"Unavyoshona."

"Usinihesabie mishono."

Mlango ukapigwa hodi. "Karibu," mwokaji akaitika kabla ya mkewe. Aliyeingia ni mwalimu wa chekechea, mteja wa miaka mingi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuzoea kuita watoto walio mbali. Alipomwona mwokaji akasimama kizingitini.

"Shemeji. Kumbe una macho. Miaka yote hii nilijua una mlango tu."

"Niko likizo. Kaa, shemeji."

Alipotamka hivyo ndipo akakumbuka kwamba kiti amekikalia yeye. Akainuka. Mwalimu akasema, "Hapana, kaa." Fundi naye akasema, "Kaa, kaa tu." Wakawa watatu wamesimama wakionyeshana kiti kimoja, mpaka mwokaji akakaa kwa aibu.

"Gauni langu?" mwalimu akamuuliza fundi.

"Tayari. Limebaki kujaribisha."

Mwalimu akatazama kioo, akatazama meza ya pasi, akamtazama mwokaji. "Nitapita kesho. Leo nina haraka," akasema, na akabaki pale karibu nusu saa akizungumza habari za bei ya chaki na utundu wa watoto. Kesho yake hakupita.

Mwokaji hakuunganisha mambo. Alikuwa mtu wa kazi, na mtu wa kazi akikaa siku mbili bila kazi huanza kuharibu. Siku ya tano alimpangia mkewe nyuzi, kuanzia nyeupe hadi nyeusi, zikapendeza kama trei zilizotoka kusafishwa. Alichokuwa hajui ni kwamba mkewe hakuziweka nyuzi kwa rangi, aliziweka kwa nguo: kila uzi kando ya kitambaa chake, na zipu yake, na vifungo vyake. Fundi alitumia asubuhi nzima kuzirudisha. "Asante," akasema, kwa sababu alikuwa amelelewa vizuri. Siku nyingine mteja aliuliza bei ya kupunguza sketi, na mwokaji akadakia kutoka kitini: "Huyu fundi anajipunja, shemeji. Ongeza kidogo." Yule mteja akaongeza mwendo, akatoka.

Wiki ya tatu cherehani ilikaa kimya zaidi kuliko ilivyolia. Kama mwokaji angekuwa amewahi kuisikia siku za kawaida, angeshtuka. Lakini miaka yote alikuwa amelala, na aliyelala hajui soko lilivyojaa. Alidhani ndivyo kazi yenyewe ilivyo: kushona kidogo, kukaa sana, kunywa chai.

"Kumbe kazi yako ni nyepesi," akamwambia mkewe siku moja, kwa wema kabisa.

Mkewe alikuwa anakunja kitambaa. Akakikunja mara ya pili, kikawa kidogo. "Ni nyepesi," akasema.

Sasa pesa. Walikuwa wameapa kuishi kwa kiasi cha pensheni na kile kitakachotoka kwenye cherehani, na mshahara uliobaki usiguswe. Ilipofika siku ya ishirini, sukari iliisha, na haikuwepo pesa ya kununulia nyingine. Walikunywa chai bila sukari. Mwokaji akachukua kalamu ya semina, akapiga hesabu nyuma ya kalenda, akapiga tena.

"Haikai," akasema. "Pensheni iko pale pale. Cherehani yako ndiyo haileti hata robo ya nilichoandika. Labda watu hawashoni tena siku hizi, wananunua za dukani."

"Labda."

"Usijali. Nikinunua tanuri nitakubeba. Skonzi hazikosi mlaji. Wewe utapumzika."

Hakumwambia kwamba arubuni ameshatoa. Kulikuwa na mzee mmoja aliyefunga duka lake la mikate, akawa anauza tanuri lake, na mwokaji alikuwa amempelekea mshahara mmoja na nusu kutoka kwenye akiba, asije mwingine akamtangulia. Alitaka kumshangaza mkewe.

"Utakuwa unaanza kukanda saa ngapi?" mkewe akauliza.

"Saa nane usiku. Mkate haungoji jua."

"Na mchana?"

"Mchana nalala."

"Basi nunua," mkewe akasema. Alisema haraka, hata chai hakuimeza vizuri.

Mwokaji alicheka, lakini kicheko kilikufa njiani. Alikuwa ametegemea abishiwe. Alikuwa ametegemea aambiwe, baba watoto, usiku umefanya kazi ya kutosha. Badala yake mkewe amefungua mlango na kumpa na kofia.  Akajiambia: huyu mwanamke ameshanichoka kwa siku ishirini, na mimi nina uzee mzima wa kuja kumkalia. Kumbe miaka thelathini na moja tulielewana kwa sababu hatukuonana.

Kesho yake, saa nne, alitoka bila kusema aendako, kwa kuwa hakuwa na aendako. Alipita barabara ya maduka akitazama vitu asivyotaka kununua. Alipofika kona, akamwona mwalimu wa chekechea akitoka kwa fundi mwingine, kijana mwenye kibanda kipya na pazia la kubadilishia nguo. Alikuwa amebeba mfuko. Alipomwona mwokaji, akauficha nyuma ya mgongo wake mpana, kama mmoja wa wanafunzi wake.

"Shemeji," mwokaji akamwita. "Hiyo ni nguo?"

"Ni nguo."

"Fundi wangu amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Sasa?"

Mwalimu akahema. "Nisikilize, shemeji, maana wewe umri wote umelala na mtu wa kukuamsha hayupo. Nivue nguo mbele yako?"

Mwokaji akahisi masikio yanapata moto.

"Ningetoka," akasema.

"Ungekwenda wapi? Tunakuona. Umekaa pale kama mzigo uliosahaulika stendi. Chumbani kwenu mmejaza vitanda hata mlango hauingii mtu, na mimi unaniona nilivyo, nipite kiubavu wapi? Kioo hakihami. Tulimwambia mkeo, mwambie basi mumeo atupishe nusu saa. Akakataa."

"Alikataa?"

"Alikataa katakata. Alisema, mwacheni akae. Huyo mtu amesimama miaka thelathini na moja. Anayetaka kuhama ahame, lakini asiwepo wa kumwinua mume wangu kwenye kiti." Mwalimu akauhamisha mfuko mkono mwingine. "Tuko saba tuliohama. Hakuna aliyependa. Akatukanya tusikwambie, na sasa nimekwambia, kwa hiyo ukifika nyumbani usinitaje."

"Sitakutaja."

"Utanitaja. Huna uso wa kuficha kitu."

Mwokaji alirudi polepole. Njiani alizipitia zile siku ishirini moja moja, safari hii akiwa macho: haraka ya mwalimu, nyuzi, sketi, kitambaa kilichokunjwa mara mbili, sukari. Kazi nyepesi. Alisema hivyo kwa kinywa chake.

Alimkuta mkewe ameketi kwenye cherehani, mikono mapajani, hana cha kushona. Hakukaa kwenye kiti. Alichuchumaa sakafuni, akaanza kuokota pini zilizodondoka kwenye nyufa za sakafu, maana kuna maneno ambayo mtu hawezi kuyasema akiwa amekaa juu.

"Wateja wako saba wamehamia kwa yule kijana wa kona," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Sitamtaja."

"Mwalimu."

"Nimesema sitamtaja."

Mkewe akatikisa kichwa. "Mdomo wake haujawahi kufungwa kifungo."

"Kwa nini hukuniambia nitoke?"

"Ulikuwa umekaa vizuri." Alisema hivyo kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Sijawahi kukuona umekaa vizuri. Ukija kula unakalia ncha ya kiti, mguu mmoja uko kazini. Siku ile ya kwanza uliegemea kabisa, ukanitazama. Nikasema potelea mbali, sketi ni sketi."

Mwokaji akaokota pini mbili tatu. Vidole vyake vilikuwa vinene, pini zikamponyoka.

"Sasa kama hivyo ndivyo, mbona uliniambia ninunue tanuri? Tena haraka, kama unafukuza kuku."

 Mkewe alizungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, sindano ikapanda na kushuka juu ya kitu kisichokuwepo.

"Niliogopa," akasema. "Wewe umeoa mwanamke wa asubuhi dakika ishirini na jioni muda wa saa mbili. Huyo nimemtengeneza mwenyewe, hata mimi nampenda. Anachana nywele kabla hujafika. Hujawahi kuniona saa saba mchana. Saa saba nina hasira, mgongo unauma, naongea peke yangu, naitukana cherehani. Nikasema huyu akikaa hapa mwaka mzima atajua alioa nani. Ulipotaja tanuri, uso wako ukawaka, na mimi nikaona njia. Nikasema aende, arudi saa moja asubuhi, anikute nimechana nywele."

"Nimekaa hapa siku ishirini na moja," mwokaji akasema. "Hiyo hasira ya saa saba nimeiona."

"Na?"

"Si kubwa. Nyapara wetu ana kubwa kuliko hiyo, na simpendi."

Mkewe alijaribu kuzuia kicheko, kikatokea puani. Halafu akajifuta macho kwa kipande cha bitana, na wote wawili wakajifanya ni vumbi.

"Tanuri silinunui," mwokaji akasema.

"Usiseme maneno ya hasira."

"Sina hasira. Tanuri linataka mtu wa saa nane usiku. Nikilinunua tumerudi kulekule, nitakuona dakika ishirini mpaka mmoja wetu azikwe. Ile pesa tujenge chumba ubavuni mwa nyumba. Kiwe na mlango wake, kioo chake, taa yake, pazia, wanawake wavue mpaka watosheke. Na hiki kiti kiwe changu."

"Wewe na mikate ni kama shati na kifungo. Utafanya nini?"

"Sijui."

"Mwaka mzima wa sijui?"

"Mwokaji mzuri huonekana siku unga umeharibika," akasema, ingawa hakuna aliyewahi kusikia methali hiyo kabla ya siku hiyo. Kisha akapiga moyo konde. "Kuna jingine. Arubuni nilishatoa."

"Kiasi gani?"

"Mshahara mmoja na nusu."

"Kutoka akiba?"

"Kutoka akiba."

 Nje mtu alikuwa akipita na mkokoteni, na walimsikiliza mpaka akatoweka.

"Ungeniambia," mkewe akasema.

"Nawe ungeniambia."

"Basi tumelingana," akasema mkewe. "Inuka huko chini, utachomwa."

Kesho yake walikwenda pamoja kwa mwenye tanuri. Alikuwa mzee mwenye heshima, aliwapa viti na maji, akasikiliza mpaka mwisho, akawaambia anawaelewa sana, na arubuni hairudi. Alishawakataa wanunuzi wawili kwa ajili yao. Mwokaji alitaka kubishana, mkewe akamkanyaga mguu. Mzee alikuwa na haki yake. Kabla ya kuondoka mwokaji aliomba kuliona lile tanuri. Alifungua mlango wake wa chuma, akatia mkono ndani, akaushika ukuta uliopoa, akafunga taratibu. Njiani mkewe alimshika mkono wa shati, mahali ambapo kishikizo kilikuwa kimelegea, akakikaza kwa vidole kana kwamba ndiyo sababu ya kumshika.

Siku zilizobaki za likizo, kila hodi ilipopigwa mwokaji aliinuka, akasalimia, akatoka kwenda kukaa ngazi ya jirani. Likizo ikaisha, akarudi kiwandani kumalizia miezi yake, na akapewa saa ya ukutani na makofi. Malipo yalichelewa miezi mitatu, na miezi hiyo yote ngazi ya jirani ilimjua. Yalipokuja, mafundi walijenga.

Mwanzoni aliomba kushona vifungo. Mkewe akatazama vidole vyake, akakataa. Akampa pasi, maana joto analijua, na mpaka leo yeye ndiye anayepiga pasi mishono yote kabla ya nguo kutoka. Jumanne saa nne asubuhi yuko mezani sebuleni, mlango wa chumba kipya umefungwa, anasikia wanawake wakicheka upande wa pili. Wakati mwingine anajua wanamcheka yeye. Saa saba mkewe anatoka na mgongo wake na hasira yake, anakaa, anamwambia kila kitu kibaya cha siku hiyo, naye anasikiliza mpaka mwisho akiwa kwenye kiti chake.

Wanaouliza imewagharimu nini, jibu lipo. Chumba kilikula mishahara kumi na mitatu. Paa halikubadilishwa, lilizibwa viraka kwa mishahara miwili, na kona moja bado inavuja. Mitano iko benki, na hiyo ndiyo dharura na uzee wote. Mshahara mmoja na nusu wa arubuni ulikwenda na maji. Blauzi moja iliungua mgongoni, wakailipa. Kati ya wateja saba walirudi watano. Wawili walibaki kwa kijana wa kona, na mmoja kati ya hao wawili ndiye aliyekuwa akilipa bila kukumbushwa. Mwokaji hajaoka tena mkate tangu siku aliyopewa saa. Zamani kiwanda kilimpa miwili kila asubuhi. Sasa wananunua mmoja kwa siku mbili, kwa bei kamili.